Dunia Imeisha, Nani Anafagia?

9 Januari

Mdogo wangu,

Kuna swali ambalo nimelizungusha kichwani tangu enzi za masomo yangu, na wiki hii limenirudia likiwa na sura ya nyumbani kwetu: je, mtu anaweza kuwaonyesha wageni mahali anapopapenda bila kwanza kupaua, kupafanya pafe? Nisamehe kwa kulitanguliza mbele ya salamu. Mama angesema nimeingia ndani na viatu.

Basi, hujambo? Sisi huku tu wazima, ingawa mtambo wa joto wa jengo letu umeharibika tangu mwaka uanze na nafundisha nikiwa nimevaa koti. Mpwa wako amejifunza kupiga mluzi. Nyumba haina amani tena. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu unayoijua. Simu yako huiweka spika, na mama husikia hata ninavyovuta pumzi. Barua hawezi kuisoma bila miwani, na miwani hudai imeibwa wakati iko kichwani pake.

Sasa jambo lenyewe. Mwanafunzi wangu mmoja, binti mpole anayekaa safu ya nyuma, alinionyesha mchezo wa kompyuta uitwao Vumbi la Mwisho. Ni ile michezo ambamo dunia imeteketea na mchezaji anatangatanga kwenye magofu akitafuta maji. Alinieleza kwamba toleo la pili linatengenezwa, na mashabiki wanabishana kwenye jukwaa la mtandaoni kuhusu mandhari yake. Wengine wanataka kisiwa cha barafu, wengine bwawa lililopasuka. Wapo pia wanaotaka mtaa fulani wa kiwanda cha nguo kilichofungwa. "Mwalimu," aliniambia, "tazama mahali hapa palivyokufa vizuri."

Nilitazama. Ilikuwa safu ya nne ya nyumba za mtaa wetu. Ulikuwa mlango wa kijani aliopaka rangi marehemu baba. Aliyeiweka picha hiyo anajiita Mlinzi wa Lango, na sikuwa na haja ya kuuliza ni nani, maana jina hilo ulijipa mwenyewe utotoni, ulipokuwa golikipa aliyefungwa na kila mwenye mguu.

Ukutani, kando ya dirisha, pana kivuli cha mtu aliyeketi. Kiti hakipo. Mtu hayupo.

Mdogo wangu, mama yuko wapi?

Dada yako

*

2 Februari

Dada, shikamoo.

Mama hajambo, isipokuwa goti lake, ambalo linamwambia mvua kabla ya redio. Mzee Sindano wa safu ya pili, yule fundi wa mitambo ya kufuma, bado anaamka kwa king'ora ambacho hakilii tena. Bibi Redio wa jirani ni yule yule; habari ikimkosa, anaitunga. Mimi nipo na karakana yangu. Watu wananiletea kompyuta zilizokwisha kufa na kuniuliza kama zitapona, kana kwamba mimi ni daktari.

Umeuliza, nitajibu. Kampuni ilitangaza kwamba shabiki yeyote anaweza kupendekeza mahali, akaweka picha, wenzake wakajadili na kupiga kura. Kila mtu alileta mahali pa mbali alipowahi kupaona kwenye televisheni. Nikajiuliza: hivi sisi tutaonekana lini? Kiwanda kilipofungwa hakuja hata mwandishi mmoja wa habari. Kama mlango pekee uliobaki wazi wa kuonekana ni wa kufa, basi na tufe kidogo, tuonekane.

Sharti lilikuwa moja: picha isiwe na mtu. Niliwaeleza majirani, wakalipokea kama harusi. Mzee Sindano aliingiza kuku wake ndani. Bibi Redio alianua nguo, kisha akaizima redio yake, mara ya kwanza tangu nimfahamu. Nikamwambia, "Bibi, picha haina sauti." Akasema, "Wewe piga, usinifundishe kufa."

Mama ndiye aliyekataa. Unajua tangu baba akiwa zamu kiwandani mama hukaa kibarazani mchana, akitazama barabara.

"Mama, ingia ndani kidogo tu."

"Niingie nikafanye nini?"

"Napiga picha ya mtaa usio na watu."

"Basi kapige kwingine. Mimi ni mtu."

Nikaipiga hivyo hivyo. Nikamfuta kwenye kompyuta, yeye na kiti chake. Kivuli nikakisahau.

Na kivuli hicho ndicho kilichotupatia umaarufu. Shabiki mmoja, Jino la Dhahabu, anasema ni askari aliyekufa akiwa lindoni. Wengine wanasema ni mzimu unaogawa maji. Mbishi mmoja tu, anayejiita Mkaa, anasema picha ni ya kughushi. Nilimwambia mama kwamba watu wa dunia nzima wanambishania. Akaniuliza kama wamemsalimia.

Lakini dada, unaniuliza mama yuko wapi kana kwamba mimi ndiye niliyeanza kumfuta. Tasnifu yako ninayo hapa karakanani, ile uliyomletea baba. Umeandika kwamba mtaa wetu "kwa kiasi kikubwa umehamwa." Ushahidi wako ni milango ya mbele iliyofungwa. Wewe umekulia huku. Unajua kwamba milango ya mbele tunaifunga kwa ajili ya vumbi la barabara ya malori, na kwamba maisha yote yako uani. Ulipita mbele na kalamu yako, ukahesabu makufuli, kisha ukazunguka nyuma ukala chakula cha mchana na wale uliokwisha kuandika kwamba hawapo.

Nyani haoni kundule, dada, na sisi tumetoka tumbo moja.

Mdogo wako

*

27 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mtambo wa joto umetengenezwa, na mpwa wako ameuchoka mluzi. Sasa anauliza kwa nini hana bibi wa karibu kama wenzake. Nilimjibu kwamba bibi yake yupo, ila yuko mbali. Alitaka kuona picha. Nilitafuta moja ya karibuni nisiipate, isipokuwa ile yako.

Kuhusu tasnifu, niruhusu nijieleze. Nilihesabu milango ya mbele kwa kuwa ndivyo ilivyohesabiwa miji mingine niliyoilinganisha na mtaa wetu. Ningeingia uani kwetu tu, msimamizi wangu angesema naupendelea, na angekuwa na haki. Wakati ule niliiona hoja hiyo kuwa imara. Leo, ninapokuandikia, naigonga kwa kidole na kuusikiliza mlio wake, na sina hakika kama ni mlio wa chungu kizima au cha ufa. Hata hivyo nadhani ipo tofauti kati ya mtu asiyeona na mtu aliyeona kisha akafuta. Nasema nadhani. Huenda tofauti hiyo ina maana kwangu tu, na wala haina maana kwa aliyefutwa.

Lakini hilo si la haraka. La haraka ni hili. Jumapili mama aliniambia, kwa sauti ya mtu anayesimulia kichekesho, kwamba wamekuja watu wenye fulana za kung'aa na utepe wa kupimia. Walimwuliza kama yeye ndiye mlinzi wa eneo. Akawajibu, "Ndiyo, tangu nilipoolewa." Wakacheka, wakaendelea kupima.

Mdogo wangu, mimi hufundisha mipango miji. Watu hao hawapimi kwa kufurahisha mikono. Sijui wanataka nini, na sipendi kutabiri nisichokijua, lakini nakuomba uiondoe picha ile. Kura ya mashabiki haina uzito wa utepe ule.

Wewe unasema unataka tuonekane. Tuonekane na nani?

Dada yako

*

15 Aprili

Dada, shikamoo.

Nimechelewa kujibu, na sababu utaziona mwenyewe. Mama anaendelea vizuri. Goti limetulia. Mwambie mpwa wangu kwamba bibi yake anamtumia mluzi; amejaribu kupiga, ikatoka hewa tupu, tukacheka mpaka Bibi Redio akaja kuuliza tumepata nini.

Tumeshindwa. Mkaa ndiye aliyetumaliza. Aliikuza sehemu ya chini ya picha, sakafu ya kibaraza, akaandika: "Tazameni vizuri. Hakuna jani, hakuna mchanga, hakuna hata kinyesi cha ndege. Dunia imeisha, nani anafagia?"

Jino la Dhahabu alijaribu kutuokoa. "Upepo," akasema.

"Upepo gani unaofagia mpaka pembeni kisha unanyunyiza maji?"

"Labda ni mzimu."

"Mzimu gani mwenye ufagio? Huu ni mtaa wa watu, jamani. Mtu amewaficha. Mnachezewa."

Kuanzia hapo tukawa kichekesho. Kila picha ya gofu ikiwekwa jukwaani, mtu anauliza chini yake: nani anafagia? Kisiwa cha barafu kikashinda. Ningemjibu nini Mkaa? Kwamba anayefagia ni mama yangu, kila asubuhi, na kwamba hunyunyiza maji kwanza ili vumbi lisimwendee jirani? Alikuwa amesema kweli. Katika watu wote walioitazama picha ile, yeye peke yake alimwona mama, na mimi nilimchukia kwa hilo.

Picha sikuiondoa uliponiomba. Nilikuwa bado natumaini. Sasa nimeiondoa, lakini imekwisha sambaa kama moto wa nyasi.

Ulilolihofia ndilo. Halmashauri ya mji inataka maegesho ya malori. Nyumba zenye watu, ni lazima iwatafutie wenyewe makazi kabla ya kubomoa. Nyumba zilizohamwa, haidaiwi chochote. Na sisi, kwa kufuata tasnifu yako, tumeandikwa kuwa tumehama. Walibandika matangazo ya kutaka mwenye pingamizi ajitokeze. Unajua waliyabandika wapi? Kwenye milango ya mbele. Upepo wa malori uliyachukua kabla mtu hajayaona. Mama aliliona la kwetu, ila bila miwani alidhani ni la kampeni za uchaguzi, akaliweka chini ya chungu cha maua.

Wametupa nafasi ya mwisho, kikao mwezi ujao. Mzee Sindano anasema, "Profesa wetu aandike neno. Wenye suti wanamwamini mwenye suti." Sihitaji karatasi ndefu, dada. Andika maneno mawili tu: watu wapo.

Mdogo wako

*

9 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Tu wazima. Ni msimu wa mitihani, na mezani pangu pamejaa majibu ya watu wengine.

Maelezo yangu kwa halmashauri nimeyaambatanisha na barua hii. Nisamehe kwa kuchelewa; niliyaandika na kuyachana mara nyingi. Uliniomba maneno mawili, na nilitamani sana kuyaandika. Lakini mtu wa kazi yangu akiandika "watu wapo", ataulizwa amewahesabu lini na kwa njia gani, na mimi sijafika huko tangu tulipomzika baba. Ukweli ninaoweza kuutetea ni kwamba utafiti wangu ulitumia kigezo kimoja, na kigezo hicho huenda hakikutosha. Kwa hiyo nimeandika kwamba "hitimisho la awali, kwa kiasi fulani, linahitaji kuangaliwa upya." Najua ni maneno ya kunyata. Nimejitahidi yasiwe ya uongo.

Nakuomba nawe jambo moja. Picha ile wataitumia. Ningekuwa mimi, ningeitumia. Ikionyeshwa, simama. Sema ni wewe uliyeipiga, na kwamba mama alikuwapo ukamfuta. Neno lako litakuwa na nguvu kuliko langu, kwa kuwa wewe huna cheo cha kupoteza.

Niandikie mara tu kikao kitakapokwisha.

Dada yako

*

30 Juni

Dada, shikamoo.

Mama hajambo. Tumehama.

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wa halmashauri, ule wenye viti vya kukunja. Tulienda wengi, tumevaa nguo za sikukuu. Bibi Redio alibeba redio, akanyang'anywa mlangoni. Afisa ardhi ni kijana wa adabu, hakupandisha sauti hata mara moja. Alianza na ukurasa wa tasnifu yako. Kisha akasoma maelezo yako mapya, polepole, neno kwa neno, na alipofika kwenye "kwa kiasi fulani" akainua kichwa, akasema, "Tunamshukuru Profesa kwa uangalifu wake." Akaendelea na mengine.

Mzee Sindano akasimama. "Mimi ninaishi safu ya pili, nyumba ya mwisho."

"Mzee, nyumba hiyo ina kufuli."

"Kufuli liko mbele."

"Wakaguzi hukagua mlango wa mbele, mzee wangu."

"Basi waambie mimi nina mlango wa nyuma, na sasa hivi kuna sufuria jikoni."

Ukumbi ukacheka. Hata afisa alitabasamu. Halafu akawasha mtambo wa kuonyeshea picha, na kibaraza chetu kikatokea ukutani, kikubwa kuliko kilivyo. Akasema picha hii inajulikana, imetazamwa na watu wengi, na hakuna aliyeona mkazi hata mmoja.

Mama akainuka. Alitembea na goti lake mpaka mbele, akaweka kiganja juu ya kivuli. "Hiki ni changu," akasema.

"Mama, tafadhali keti."

"Nitaketi. Hata pale nilikuwa nimeketi. Kivuli hiki ni changu. Mwenyewe mmempeleka wapi?"

Hakuna aliyecheka. Afisa akageuka kwetu sote, akauliza kama yupo mtu humu ndani anayejua picha hii ilipigwa vipi.

Kikao kilikwisha adhuhuri. Mvua ilitunyeshea njiani.

Uamuzi ulikuja baada ya muda mfupi, na mashine zikaja nyuma yake. Mama anakaa na Bibi Redio, wamepata vyumba ng'ambo ya reli. Mzee Sindano alichukuliwa na binti yake. Nasikia anaamka alfajiri na kukaa kitandani akisikiliza. Mimi nalala karakanani. Wabomoaji niliwaomba mlango wa kijani, wakanipa. Umeegemea ukuta hapa mbele yangu. Haufungui popote.

Kuhusu mimi kutokuwa na cheo cha kupoteza: nimeisoma, nimeielewa.

Mdogo wako

*

4 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimekaa na barua yako muda mrefu, nikidhani kwamba nikichelewa kidogo nitapata la kukuambia. Mpwa wako ameanza shule. Walimwambia achore nyumba ya bibi, akachora mlango wa kijani peke yake katikati ya karatasi, bila kuta. Sikuwahi kumsimulia kuhusu mlango ulionao. Pengine ni kwa sababu, zaidi ya picha yako, hana kingine anachokijua.

Sentensi ile kuhusu cheo sitaitetea. Niliiandika nikidhani ni hoja.

Toleo la pili limetoka. Binti yule wa safu ya nyuma alinikalisha mbele ya skrini yake, nikatembea juu ya barafu. Ni kazi nzuri. Theluji imefunika milango, na kwenye vizingiti hakuna alama ya mkono wa mtu. Mashabiki wameridhika kwamba hapa dunia imekwisha kweli. Nikiwa nimekaa pale nililifikiria jambo ambalo bado linanichoma: mashabiki walikataa kwamba mtaa wetu ni gofu, halmashauri ikakubali. Wale wa mchezo waliangalia sakafu. Wale wa kazi waliangalia ukurasa wangu na picha yako, vikawatosha.

Mwezi uliopita nilimpigia mama kwa simu ya Bibi Redio. Nilimsalimu, tukazungumza kuhusu goti, kisha nikamwuliza lile ambalo barua yako iliruka. Afisa alipouliza kama yupo anayejua, mwanao alisimama?

"Mimi nilikuwa nimewapa mgongo," mama akasema. "Nilikuwa natazama ukuta."

"Hukusikia mtu akisema kitu?"

"Nilisikia viti. Viti vya kukunja hulia hata mtu akikaa vizuri tu." Halafu akaniuliza, "Na wewe, ile karatasi yako ilisema nini? Kijana yule aliisoma vizuri, lakini sikuelewa kama ulisema tupo au hatupo."

Nilimwambia kwamba mtandao haushiki vizuri, nitampigia baadaye. Sijampigia.

Kwa hiyo sijui kama ulisimama. Ningeweza kukuuliza waziwazi, na labda ungejibu. Sikuulizi, kwa sababu siku utakaponijibu utakuwa na haki ya kuniuliza kwa nini maneno mawili yalinishinda, na jibu la kwamba nilikuwa mwangalifu sitaki kulisikia likitoka kinywani mwangu. Na lile swali langu la Januari, kama mtu anaweza kuwaonyesha wengine mahali anapopapenda bila kupaua, nalo linabaki palepale. Mimi na wewe ndio tuliojaribu, kila mmoja kwa chombo chake, na kila mmoja ameshika ushahidi wa mwenzake na hataki kuutoa.

Kabla sijasema mtandao haushiki, mama alikuwa ameniambia kwamba kibaraza cha huko ni kifupi mno. Anakifagia, kinakwisha, na asubuhi bado ni ndefu.

Dada yako